Dalali anasema gitaa la marehemu baba ni feki, mbona amerudi mara tatu?

Shikamoo Baba Fundi,

Naandika nikiwa nimechoshwa na maneno ya ndani ya nyumba. Wewe umetengeneza vyombo vya bendi miaka mingi huko Lindi, naamini utanielewa.

Nakaa Magomeni hapa Mtwara mjini, nauza khanga na vitenge sokoni. Baba yetu alifariki mwaka juzi. Ujanani alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi iliyokuwa chini ya shirika moja la umma. Bendi ilipokufa akarudi nyumbani, akashika mikorosho kama wenzake, na gitaa akarudi nalo. Miaka yote lilikaa juu ya kabati limezungushiwa shuka. Sikukuu akiwa na furaha alilishusha akalipiga hivihivi bila spika, na sisi watoto tulisogeza masikio mpaka karibu na mkono wake ndipo tusikie.

Ni gitaa la umeme, zito, limepakwa rangi ya bluu kama ya milango. Kichwa chake ni kikubwa, kimeandikwa Fender, na pembeni Stratocaster kwa herufi nyeusi nene. Pale nyuzi zinapoingia kichwani kuna chuma kimechomoza kama ncha ya risasi. Mgongoni, shingo inapoungana na mwili, kuna bamba la chuma lenye skrubu tatu na tundu dogo, na juu yake pana herufi F kubwa na namba ya tarakimu sita inayoanza na 5. Ubao unaobonyezwa kwa vidole ni wa kahawia iliyokoza. Swichi ya kubadilisha sauti ina vituo vitano. Vikazio vya nyuzi ni sita, vitano vina F mgongoni, kimoja hakifanani na wenzake.

Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Dar es Salaam, anasema ananunua vyombo vya zamani. Akaligeuza dakika kumi, akatuambia ni kopi ya Japani kwa sababu Fender ya kweli ina skrubu nne, lakini kwa kuwa ameona tuna shida atatoa laki sita. Kaka alitaka kukubali palepale, maana nyumba ya mama inavuja na tunataka mabati kabla ya mvua za Desemba. Mimi nikasita. Akarudi na laki nane. Mara ya tatu akasema tumpe akalipeleke Dar likapimwe na fundi wake, kisha atalirudisha kwa basi. Wakati huohuo mwanangu wa kidato cha tatu ameona kwenye simu kwamba gitaa la aina hii liliuzwa Marekani karibu dola milioni nne. Sasa kaka anasema mimi ndiye nilimtuma mtoto, nataka kula peke yangu.

Nikampelekea fundi redio mmoja hapa mjini alifungue. Picha nimekutumia nane. Mgongoni mwa vile vifundo vya volyumu na toni, viwili vina namba 1377432, cha tatu hakina namba. Ila kuna jambo lililonikosesha raha. Chini ya ile plastiki nyeupe ya mbele kuna maandishi ya brashi kwa rangi nyeupe: kifupi cha jina la lile shirika na namba 14. Fundi akaniambia hiyo ikwangue, usimwonyeshe mtu. Sijaikwangua.

Nimekutumia pia picha ya baba akiwa jukwaani, nyuma imeandikwa 1979 kwa mwandiko wake. Gitaa kwenye picha si la bluu. Pembeni ni jeusi, katikati linang'aa. Mama anasema ni hilihili.

Je, ni la kweli? Tukiliuza tuuze vipi? Na hiyo namba 14 niifanyeje?

Binti wa Mpiga Solo, Mtwara

*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Mwaka juzi si zamani.

Namba 14 usiikwangue. Hilo nalisema kabla ya yote, nitakueleza sababu yake hapo mbele. La pili, gitaa lisitoke ndani ya nyumba hiyo kwenda kupimwa popote na mtu yeyote, hata akiacha kitambulisho, hata akiacha laki mbili za kishika uchumba. Gitaa la umeme linafunguka kwa bisibisi moja. Linaweza kwenda Dar likiwa na moyo wake na kurudi na moyo wa mwingine, nawe ukilitazama kwa nje usione tofauti, maana bluu itakuwa bluu ileile.

Sasa nikujibu kuhusu skrubu. Yule kijana ama hajui ama anajua sana. Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, ilianza kutengenezwa mwaka 1954 huko Fullerton, California, na kweli kwa miaka mingi shingo yake ilishikwa na skrubu nne. Lakini mwaka 1965 kampuni ilinunuliwa na CBS, wale wa redio na televisheni, na mwaka 1971 wakabadili: wakaweka skrubu tatu, na lile tundu dogo uliloliona ndilo la kupitisha ufunguo wa kuinamisha shingo. Kile chuma cha risasi kichwani nacho ni cha mabadiliko hayohayo, ndipo panapokazwa fimbo ya chuma iliyolala ndani ya shingo. Skrubu tatu ziliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kichwa kikubwa, herufi nyeusi nene, bamba lenye F, vyote ni vya kipindi hicho. Kwa hiyo alichokiita kasoro ndicho cheti chake cha kuzaliwa.

Ila usishangilie bado. Wajapani wa miaka ya 1970 walinakili mpaka hayo. Greco, Fernandes na wengine walitengeneza magitaa ya sura hiihii, kichwa kikubwa, skrubu tatu, risasi, na kuna watu waliobandua jina la Kijapani wakabandika la Fender. Wala hayakuwa magitaa mabaya. Kazi ilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 1982 Fender yenyewe ilianzisha Fender Japan, na magitaa yake yakatengenezwa na kiwanda cha FujiGen cha Matsumoto, kilekile kilichokuwa kikitengeneza Greco. Ukimsikia mtu anatamka "kopi ya Japani" kama anavyotamka samaki aliyeoza, ujue anatafuta bei. Hata hivyo Greco ni Greco na Fender ni Fender, na bei zake mbalimbali. Kwa nje huwezi kuzitenganisha kwa uhakika. Ndiyo maana nimefurahi kwamba ulilifungua.

Hizo namba za mgongoni mwa volyumu, mafundi tunaita poti, zinasomeka hivi. 137 ni namba ya mtengenezaji, kampuni ya CTS ya Marekani. 74 ni mwaka 1974. 32 ni wiki ya 32, yaani Agosti. Poti mbili zenye namba moja, za wiki moja, na kwenye picha yako ya nne naona lehemu yake ni ya kizamani, imefifia, haina alama ya kuguswa tena na pasi ya umeme. Hiyo ni nzuri mno. Maana yake si kwamba gitaa lilitengenezwa Agosti 1974. Maana yake halikutengenezwa kabla ya hapo. Poti huwekwa stoo kwanza. Fender waliwahi kununua shehena kubwa ya poti mwaka 1966 wakazitumia kwa miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo poti inakupa mlango wa kuingilia, haikupi siku ya harusi. Namba ya kwenye bamba nayo inaangukia katikati ya miaka ya 1970, ingawa kwa hiyo peke yake nisingeapa, kwa kuwa mabamba yalichotwa sandukuni bila kufuata mpangilio na namba za miaka tofauti zinapishana.

Nikatazama pia kingo za lile shimo la chini ya plastiki. Ni mbao nzima. Naona mstari mahali vipande viwili vilipoungwa ubavu kwa ubavu, na hiyo ni kawaida ya Fender. Kopi nyingi za bei rahisi zilikuwa za plaiwudi, ungeona matabaka yamelaliana kama chapati. Hakuna matabaka hapo.

Sasa yasiyo yake. Swichi yenye vituo vitano Fender walianza kuiweka mwaka 1977; kabla ya hapo vilikuwa vitatu, na wapigaji walikuwa wakiiegesha katikati kwa kidole ili wapate ile sauti ya pua. Gitaa la poti za 1974 lenye vituo vitano limebadilishwa swichi. Nadhani ni baba yako mwenyewe au fundi wa bendi, maana mpiga solo yeyote wa dansi angeitamani. Poti ya tatu imebadilishwa. Kikazio kimoja kimebadilishwa. Na rangi, bila shaka, si yake.

Kuhusu hiyo rangi nakuomba sana, na mwambie kaka yako pia: msiiguse. Msiisugue kwa msasa, msiitie dawa ya kubandua rangi ya gari, msimpe fundi wa fanicha aipige vanishi. Kwenye picha ya tano bluu imeishia ukingoni mwa plastiki, na chini yake rangi ya kiwandani ipo. Fender za wakati ule zilipakwa polyesta nene, ngumu, kwa hiyo huenda lile jeusi na manjano la kwenye picha ya 1979 bado limelala salama chini ya bluu. Kulitoa ni kazi ya mtu mmoja katika mia, na anayenunua atapenda aamue mwenyewe. Vyuma vilivyoshika kutu ya chumvi, hiyo kutu yetu ya pwani, vifute kwa kitambaa kikavu tu. Msitumie stilwaya ya kusugulia sufuria. Zile nyuzinyuzi zake zinavutwa na sumaku za kunasia sauti, zinaingia ndani na kuziua.

Nenda pia kwa yule fundi redio, na kwa mafundi wowote ambao mama anakumbuka baba aliwapelekea kazi, uulizie vilivyotolewa: swichi ya zamani, poti, kikazio. Hata kikiwa kimevunjika kinunue. Nakwambia hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma mzee mmoja aliniletea gitaa lenye vikazio vilivyolegea, nikamwekea sita vipya vinavyometameta, akafurahi, nami vile vya zamani nikavitupa shimoni pamoja na takataka za karakana. Vilikuwa vya asili vyote. Mtoto wake alipokuja kuuza baada ya miaka, hilo ndilo lililomwangushia bei, na ni mkono wangu uliofanya.

Linabaki jambo moja la kukagua: kufungua shingo. Legeza nyuzi kwanza zote, kidogo kidogo, ndipo utoe skrubu tatu. Kwenye kitako cha shingo tunatafuta muhuri wa wino wenye namba. Ndani yake mna mwaka na wiki. Mara nyingine umefutika au haupo, na hiyo peke yake si ushahidi wa uongo. Lakini ukikuta mwaka wa shingo unakubaliana na poti, basi hakuna tena wa kukuambia Japani. Usifanye peke yako. Nitarudi hapo.

Sasa tuzungumze namba 14, na hapa nakuomba usome polepole.

Nimefanya kazi na bendi za namna hiyo. Tangu NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, utaratibu wa bendi nyingi kubwa za nchi hii ulikuwa huohuo: mwanamuziki ni mwajiriwa, anapokea mshahara, na vyombo ni mali ya mwajiri. Akihama bendi anaondoka na vidole vyake, gitaa analiacha ukutani kwa anayemfuatia. Vyombo viliandikwa namba kama viti na mashine za chapa za ofisini. Kwa hiyo namba 14 inatuambia kwa uhakika kwamba siku moja gitaa hili lilikuwa la shirika. Haituambii liliachaje kuwa la shirika. Inawezekana bendi ilipovunjwa vyombo viliuzwa kwa wanamuziki. Inawezekana walipewa badala ya mishahara waliyokuwa wakidai. Nimeshuhudia jambo kama hilo kwa macho yangu. Na inawezekana, mwanangu, hakuna aliyempa mtu kitu, kila mmoja alibeba alichokuwa ameshika. Wewe hujui, mimi sijui, na yule fundi aliyekwambia ukwangue naye hajui.

Anza na sanduku la baba, lile la vyeti na kadi za zamani. Tafuta barua yoyote ya kuachishwa kazi, stakabadhi, hata karatasi ya mkono. Kisha watafute waliopiga naye. Picha ya 1979 ina watu wanane, haiwezekani wote wametangulia. Mama atawajua kwa majina. Ukimpata hata mmoja mwenye kumbukumbu nzuri, mwombe aandike anachokijua, aweke saini na tarehe, na shahidi awepo. Msipopata karatasi wala mtu, andikeni barua kwa Msajili wa Hazina, ndiye msimamizi wa mali za mashirika ya umma, mweleze mlichonacho na mmekipataje. Najua kaka atasema nyie mnajichongea. Mwambie hivi: gitaa likiwa halali, barua hiyo ndiyo itakayowatoa wasiwasi, na likiwa la umma, ni heri mlisikie kutoka ofisini kuliko mlisikie polisi baada ya pesa kuisha kwenye mabati. Mkikwangua, mnaandika kwa mkono wenu kwamba baba aliiba. Hakuna mtu aliyesema hivyo mpaka sasa.

Na kuna upande mwingine. Namba hiyo, pamoja na picha, ndiyo inayolitoa gitaa hili kwenye kundi la Stratocaster za 1974, ambazo zilitengenezwa nyingi sana. Chukua picha ya baba uikuze. Kichwani, karibu na kikazio cha uzi mwembamba, kuna doa jeusi lenye umbo la tone. Wapigaji wa zamani walikuwa wakichomeka sigara iliyowashwa kwenye ncha za nyuzi wakati wa kupiga, na ikisahaulika inaunguza. Sasa chukua picha yako ya pili, uliyopiga juzi. Doa lipo palepale, mkia wake umeelekea upande uleule. Shingo haikupakwa bluu, ndiyo maana halikufunikwa. Hakuna tapeli anayeweza kutengeneza picha ya 1979 yenye doa hilo. Nililiona usiku nikakaa nalo kimya muda mrefu, mwanangu. Yule kijana mwembamba mwenye suruali pana ni baba yako kweli, na hilo mkononi mwake ndilo lililokuwa juu ya kabati.

Sasa pesa. Mwanao hakudanganya. Juni 2019, kwenye mnada wa Christie's mjini New York, Stratocaster nyeusi ya mwaka 1969 ya David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi ya Pink Floyd, iliuzwa dola 3,975,000. Lakini mfundishe asome mpaka mwisho. Gitaa lile lilikuwa limebadilishwa shingo, sumaku, swichi, karibu kila kitu. Kilichonunuliwa pale kilikuwa maisha yake yaliyothibitishwa, tarehe kwa tarehe, picha kwa picha. Mbao na nyaya peke yake hazina bei hiyo popote duniani. Lenu lina maisha yake pia, ila bado halijaandikwa.

Kwa mbao na nyaya, kanuni ya wafanyabiashara wa magitaa ya zamani ni kwamba kupakwa rangi upya kunashusha bei karibu nusu, na kila kilichobadilishwa kinapunguza tena. Pamoja na hayo, Stratocaster ya katikati ya miaka ya 1970 ambayo shingo, mwili na sumaku ni vyake, hata ikiwa imepakwa upya, huko nje huvuka dola 1,000. Laki nane haifiki hata nusu ya hapo. Mwanao anayejua simu apewe kazi: atafute bei ambazo magitaa ya namna hii yameshauzwa, si bei ambazo watu wanaomba. Kuomba kila mtu anaomba. Na atafute yaliyopakwa upya, asilinganishe na yale yanayong'aa.

Mnunuzi wa ndani atalipia chombo cha kupigia. Mnunuzi wa bei ya juu mara nyingi yuko nje, na hapo pana suala la mti. Ule ubao wa kahawia iliyokoza ni jamii ya Dalbergia, jenasi moja na mpingo wetu huu unaokatwa Kilwa na Nachingwea kwenda kuwa klarineti Ulaya. Biashara yake inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa vibali kwa aina nyingi za Dalbergia, isipokuwa ile ya Brazili, ambayo imebanwa kwa masharti makali zaidi tangu 1992. Fender za 1974 kwa kawaida ni za mti wa India, kwa hiyo huenda hamna shida, lakini mnunuzi wa nje atataka mtu aliyeliona ayaandike hayo.

Kabla ya mnunuzi yeyote, kuna mirathi. Umeniambia baba alifariki mwaka juzi, hukuniambia kama mlikwenda Mahakama ya Mwanzo. Kama kikao cha familia hakijateua msimamizi na mahakama haijamthibitisha, basi kaka hana mamlaka ya kuuza, wala wewe huna, na mama, mwenye haki yake humo, hajaulizwa na mtu. Gitaa liandikwe kwenye orodha ya mali pamoja na mikorosho. Nadhani hilo litapunguza maneno zaidi ya lolote nitakaloandika hapa, kwa sababu kitu kilichoandikwa mbele ya wote hakuna wa kukila peke yake.

Siku ya kuuza ikifika, mkataba uandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na ndani yake mtaje kila kilichobadilishwa: rangi, swichi, poti moja, kikazio, na namba 14 pamoja na maelezo yake. Usione haya kuyataja. Mnunuzi mwenye akili atayaona tu, na akiyaona baada ya kuwa umeyasema atakuamini na kwa yale asiyoweza kuyaona. Pesa ipitie benki. Akilipa kwa simu, usiamini meseji, ingia kwenye akaunti uangalie salio kwa macho yako kabla hajagusa gitaa. Akitaka kulifungua alifungue mezani, mchana, nawe umekaa mbele yake na picha zako nane mkononi.

Yule kijana wa Dar akirudi mara ya nne, mpokee vizuri, mpe maji, umweleze kwamba skrubu tatu ni za 1971 na kuendelea. Kisha nyamaza umsikilize.

Mwisho wa mwezi nakuja Mtwara kwa shughuli ya familia. Tutafungua shingo pamoja, mezani kwa mama yako, kaka akiwepo ashike taa. Nitabeba amplifaya yangu ndogo na waya, maana sumaku zile hatujui kama zote tatu zinanasa mpaka zisikike. Weka nyuzi mpya, nyembamba, usizikaze mpaka nifike. Umesema miaka yote hiyo alilipiga bila spika. Basi tulichomeke kwanza, mama alisikie, bei tutaizungumza baada ya chakula.